Chaji Isiyopaswa Kuvuja: Niliyojifunza kwa Kutengeneza Amplifaya Kuukuu za Hedifoni za Umemetuli

Wengi wanaoniletea amplifaya kuukuu ya hedifoni za umemetuli huanza kwa kuuliza ni kapasita zipi, yaani vipuri vya kuhifadhi chaji, zitakazobadilishwa. Ni swali la haki, kwa kuwa katika ukarabati wa redio na amplifaya za kawaida kapasita zilizokauka ndizo hushukiwa kwanza. Mimi nimezoea kuanza na swali jingine: chaji inavuja wapi? Tangu nilipoingia katika kazi hii nimeona kwamba malalamiko mengi, iwe ni sauti inayofifia kadiri muda unavyokwenda, mngurumo wa chini, au mikwaruzo isiyo na mpangilio, hatimaye hurudi kwenye umeme mdogo sana unaotoroka mahali ulipopaswa kutulia. Fundi aliyezoea saketi za ampia nzima hulazimika kujifunza upya kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo, kwa sababu hapa makumi machache ya sehemu za milioni za ampia yatosha kuharibu usikivu.

Sababu iko katika jinsi hedifoni zenyewe zinavyofanya kazi. Hedifoni ya kawaida ina koili na sumaku. Ya umemetuli haina hata kimoja. Ndani yake mna kiwambo cha plastiki ya poliesta chenye unene wa maikromita moja au mbili hivi, kilichopakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana, kikawambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Kiwambo hupewa volti ya kudumu ya mamia, ambayo sisi mafundi huiita bayasi, na mabamba hupewa mawimbi ya muziki kwa kupingana, moja likipanda wakati jingine linashuka, hata kiwambo kikasukumwa na upande mmoja na kuvutwa na mwingine kwa wakati uleule. Kampuni ya Stax ya Japani ndiyo iliyofungua njia kwa hedifoni yake SR-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1960, na hadi leo sehemu kubwa ya mashine zinazopita mezani kwangu ni za ukoo huo. Za zamani hutumia bayasi ya volti 230 na plagi ya pini sita. Zilizokuja baadaye, tangu miaka ya 1980, hutumia volti 580 na plagi ya pini tano. Koss ya Marekani, katika modeli yake ESP/950, ilichagua volti 600.

Bayasi hiyo haiunganishwi moja kwa moja na kiwambo. Kati yake na chanzo huwekwa rezista kubwa, yaani kipuri cha kuzuia umeme, ya megaomu (omu milioni) tano hivi, na hiyo rezista ndiyo kiini cha mambo yote. Chaji ikishafika kwenye kiwambo hubaki humo ikiwa thabiti, kwa kuwa haiwezi kuingia wala kutoka haraka kiwambo kinapotikisika. Na chaji ikiwa thabiti, nguvu inayokisukuma hufuata mawimbi ya muziki kwa unyofu, bila kupotoshwa na mahali kiwambo kilipo kati ya mabamba. Kanuni hiyohiyo ndiyo Peter Walker wa kampuni ya Quad, Uingereza, aliyoitumia katika spika za umemetuli zilizotoka mwaka 1957. Lakini ina gharama yake. Chanzo kinachopitia megaomu tano ni chanzo dhaifu, na kitu chochote kinachovujisha upande wa pili kinagawana naye volti. Uvujaji wa megaomu 50 utashusha bayasi kwa karibu asilimia tisa, jambo ambalo sikio halitalijali. Uvujaji wa megaomu tano, ambao katika amplifaya ya kawaida ungehesabiwa kuwa kihami kizuri, utaikata bayasi nusu kwa nusu na sauti itashuka kwa desibeli sita.

Kipimo cha bayasi ndicho kimewapoteza wengi kuliko kitu kingine chochote. Niliwahi kupokea amplifaya ambayo bodi yake ya bayasi ilikuwa imefumuliwa yote: dayodi mpya, kapasita mpya, rezista mpya, lehemu imepakwa kwa uangalifu, na kikaratasi kilichoandikwa kwamba pamoja na kazi yote hiyo volti zilikuwa bado 387 badala ya 580. Fundi aliyetangulia hakuwa mzembe. Alichosahaulishwa ni kwamba mita ya kawaida ya kidijitali yenyewe ni rezista ya megaomu 10. Ukiigusisha kwenye soketi, unakuwa umeweka megaomu 10 chini ya megaomu tano, na hesabu ya kugawana inatoa theluthi mbili za volti 580, yaani 387 hivi. Mita ilikuwa inasema kweli kuhusu saketi ambayo yenyewe imekuwa sehemu yake. Bodi ya zamani huenda haikuwa na ubaya wowote.

Kuna njia mbili za kuepuka mtego huo. Ya kwanza ni kupima kabla ya rezista kubwa, kwenye kapasita ya mwisho ya saketi ya kuzidisha volti, ambako chanzo bado kina nguvu ya kuibeba mita. Tofauti hapo huwa ndogo. Ya pili, ambayo naipendelea kwa sababu inapima palepale hedifoni inapochukulia umeme, ni kujitengenezea kipimio chenye rezista za jumla ya megaomu 990 zilizounganishwa mfululizo ndani ya mrija wa plastiki. Pamoja na megaomu 10 za mita, unapata kigawanyo cha mia kwa moja: volti 580 husomeka kama 5.8, ikipungua kidogo tu kwa sababu ya rezista ya bayasi. Rezista hizo zisishikwe kwa vidole vitupu. Jasho la kidole juu ya gamba la rezista ya megaomu 100 ni njia ya pembeni ya umeme, na kipimio kilichochafuliwa hivyo kitakudanganya kwa uthabiti kila siku, jambo ambalo ni baya kuliko kudanganya siku moja moja.

Baada ya kuwa na kipimio cha kuaminika, nilianza kuona vitu ambavyo awali vingenipita. Mashine moja ya transista ilikuwa na tabia ya kuanza vizuri na kisha kupoteza sauti masikio yote mawili, hasa siku za mvua. Kwamba masikio yote mawili yalishuka pamoja ilikuwa habari muhimu, kwa sababu katika mashine nyingi bayasi ya kulia na ya kushoto hutoka kwenye rezista moja. Tatizo likiwa katika bayasi kabla ya hedifoni, pande zote huumia kwa kiwango kimoja. Nilipogeuza soketi nyuma yake na kuiangalia kwa kioo cha kukuzia, niliona kati ya pini ya bayasi na pini ya jirani utando mwembamba wa rangi ya kahawia, unaong'aa upande mmoja na kupauka mwingine: mabaki ya dawa ya kulehemu ambayo mtu aliyewahi kubadilisha soketi hakuyafuta. Yakiwa makavu hayakuwa na madhara makubwa. Yakinyonya unyevu wa hewa yaligeuka rezista. Nilisugua kwa brashi ya meno na alkoholi ya isopropili, nikafuta, nikarudia kwa alkoholi safi kwa sababu mara ya kwanza huwa inasambaza uchafu tu, kisha nikaacha soketi ikauke kwa hewa ya uvuguvugu. Bayasi ilirudi na haikushuka tena. Hakuna kipuri kilichobadilishwa. Tangu hapo usafishaji wa soketi na bodi ya bayasi nimeuweka mwanzo wa kazi, kabla sijagusa kapasita hata moja, na mara kadhaa kazi imeishia hapohapo.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna suala la uhai. Watu huogopa volti 580 kwa sababu ni namba kubwa, ilhali nyuma ya megaomu tano volti hizo haziwezi kutoa zaidi ya miliampia 0.12 hivi. Zinazoua ni zile ndogo zaidi kwa namba: volti 300 hadi 400 za umeme mkuu wa ndani, zilizohifadhiwa katika kapasita kubwa, pamoja na pini za mabamba ambazo hupokea umeme kutoka hukohuko. Kapasita ya maikrofaradi 100 yenye volti 350 imebeba jouli sita, nazo hubaki humo baada ya plagi kuchomolewa ikiwa rezista ya kuimaliza chaji imekatika. Mimi huondoa chaji kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 10, iliyofungwa kwenye vishikio vilivyohamiwa, kwa sekunde kumi hivi kila kapasita, halafu napima, nasubiri kidogo, napima tena, kwa kuwa kapasita za aina hii hujirudishia volti kiasi baada ya kumalizwa. Kuzigonga kwa bisibisi ni uharibifu wa bisibisi, wa kapasita na wakati mwingine wa dayodi. Mashine ikiwa imewashwa, mkono mmoja hukaa mbali na meza.

Mashine iliyolala kabatini kwa miaka haiwashwi kwa kuchomekwa ukutani tu. Kwanza nafungua na kuangalia imefungwa kwa volti ngapi upande wa transfoma, maana nyingi ziliuzwa Japani kwa umeme wa volti 100, na ya namna hiyo ikichomekwa kwenye volti 230 hufa kwa sekunde chache ikiwa fyuzi imewahi kubadilishwa na kuwekwa kubwa. Baadhi ya transfoma za zamani zina nyaya za ziada zinazoweza kuunganishwa upya kwa volti 117, 220 au 240, na hapo kazi ni rahisi. Kisha naiwasha kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa mfululizo: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, mna njia ya mkato ndani, ikiwaka kidogo halafu ikafifia, kapasita zinajaa kama inavyotakiwa.

Kapasita, basi. Sipingi kuzibadilisha. Zile za elektroliti zilizo karibu na rezista zenye joto au karibu na valvu, zile taa za kioo zinazokuza mawimbi katika baadhi ya mashine, hukauka kweli, na kanuni ya mafundi kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopunguzwa huongeza maradufu maisha ya kapasita nimeiona ikisimama hata katika mashine moja: mbili zilizo pembeni nzima, mbili zilizo katikati ya joto zimevimba kichwani. Nazibadilisha kwa zenye kiwango cha nyuzi 105 na volti zisizopungua za awali, bila kuongeza ukubwa kwa tamaa, maana kapasita kubwa mno huzilazimisha rektifaya (dayodi za kunyoosha umeme) na transfoma kubeba msukumo ambao hazikuundiwa. Ninachopinga ni kubadilisha kila kitu kwa mpigo. Mtu akibadilisha vipuri arobaini kwa siku moja na mashine ikanguruma, ana maswali arobaini mapya. Nyufa za lehemu chini ya soketi za valvu na chini ya rezista kubwa, pale bodi ilipogeuka rangi kwa joto, zimenipa mikwaruzo mingi kuliko kapasita, na dawa yake ni kunyonya lehemu kuukuu na kulehemu upya.

Sehemu inayonichukua muda mrefu zaidi, na ambayo siwezi kuiharakisha, ni kusawazisha volti za kutoka. Katika amplifaya nyingi za aina hii pini za mabamba huunganishwa moja kwa moja na hatua ya mwisho bila kapasita katikati, kwa hiyo zisipokuwa na muziki zinapaswa kukaa karibu na sifuri. Kila upande una virekebishi viwili, yaani rezista ndogo za kuzungushwa. Kimoja hurekebisha tofauti kati ya bamba moja na jingine. Cha pili hurekebisha mabamba yote mawili pamoja dhidi ya ardhi ya saketi, yaani sehemu inayohesabiwa kuwa volti sifuri. Vinaingiliana: ukituliza cha kwanza, cha pili kinasogea, nawe unarudi kwa zamu hadi vyote vitulie. Mwongozo wa mafundi kwa kawaida hutaka sifuri kwa vyote, lakini kwa maoni yangu havina uzito sawa. Mabamba yote mawili yakiwa volti 20 juu ya ardhi, bayasi halisi imepungua kutoka 580 hadi 560, na hakuna atakayesikia. Bamba moja likiwa volti 20 juu ya jingine, kiwambo kinavutwa upande mmoja muda wote, kikikaribia bamba. Hiyo ya tofauti naifuatilia hadi mwisho. Ya pamoja naiacha itembee volti kadhaa bila kukosa usingizi.

Zile zenye valvu, kama SRM-T1 ya Stax inayotumia valvu za 6FQ7, huhitaji subira zaidi, kwa kuwa kila valvu ina nusu mbili zisizozeeka kwa mwendo mmoja. Nawasha, narudisha kifuniko mahali pake kwa sababu joto la ndani hubadilika kabisa kikiwa wazi, nasubiri nusu saa au zaidi, nafungua upesi, narekebisha, nafunga, nasubiri tena. Virekebishi vya zamani vyenyewe huwa na kutu ndani: unakizungusha kidogo na volti inaruka kwa hamsini. Kirekebishi kinachoruka hakifai kusafishwa na kurudishiwa imani. Nakibadilisha kwa cha mizunguko mingi. Na valvu mpya ikiwekwa, narudia yote baada ya kuitumia kwa siku kadhaa, kwani volti zake hutembea zaidi mwanzoni.

Jambo jingine lililonifunza kutohukumu hedifoni mapema ni ule udhaifu wa sikio moja. Wenye mali huja wakiwa wameshakata tamaa kwamba kiwambo kimekufa. Hatua ya kwanza haihitaji kifaa: geuza hedifoni kichwani, ya kulia ivaliwe kushoto. Udhaifu ukibaki kwenye sikio lilelile la mwili, tatizo si la mashine. Ukihama pamoja na kikombe, badilisha nyaya za kuingiza muziki kwenye amplifaya. Udhaifu ukihamia kikombe cha pili, lawama ni ya chanzo cha muziki au waya. Ukibaki kikombe kilekile, bado amplifaya haijaachiwa huru. Napitisha sauti ya hezi 400 na kupima volti za mawimbi kwenye kila pini dhidi ya ardhi. Pini mbili za upande mmoja zinapaswa kuwa sawa. Nimekuta mara nyingi pini moja imekufa na nyingine inafanya kazi, na sauti bado inatoka, ikiwa imepungua kwa desibeli sita na kukosa usafi, kwa kuwa kiwambo kinasukumwa na bamba moja tu. Mtu anayesikiliza hudhani ni uzee wa hedifoni.

Pini zikiwa sawa na udhaifu ukabaki, ndipo naifikia hedifoni. Hapo nako huanza na subira: naiacha imechomekwa na bayasi pekee, bila muziki, kwa saa kadhaa, kwa sababu kiwambo ambacho dawa yake imechakaa au kilichonyonya unyevu hujaa chaji polepole, na baadhi hurejea hali yao. Isiporejea, natazama sponji za ndani. Sponji za hedifoni za zamani huoza na kuwa unga mweusi unaonata, nao unga hupenya hadi kwenye nafasi kati ya kiwambo na bamba, nafasi ambayo katika hedifoni za volti 580 ni nusu milimita hivi na katika zile za volti 230 ni ndogo zaidi. Chembe moja ndani ya nafasi hiyo hutoa mlio wa kuchemka au mikwaruzo inayokuja na kwenda. Kupuliza hewa ya kopo kwa nguvu ni kosa kubwa. Utando wa maikromita moja hauhimili hilo. Mimi huondoa sponji yote kuukuu kwa kibanio, nasafisha nje ya mabamba kwa brashi laini, na ndani siingii isipokuwa hakuna njia nyingine.

Plagi nazo zina siri moja ya manufaa. Hedifoni ya pini tano huingia kwenye soketi ya pini sita, na ikiingia hulia kwa bayasi ya volti 230: sauti iko chini kwa desibeli nane, hakuna kinachoharibika. Ya pini sita haiingii kwenye soketi ya pini tano, na waliobuni walifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa volti 580 katika nafasi nyembamba zaidi zinaweza kukivuta kiwambo hadi kigande kwenye bamba. Nikikuta soketi ambayo mtu ameitoboa tundu la sita, kazi ya kwanza ni kuiondoa.

Kuna mashine ninazozirudisha bila kuzitengeneza. Transfoma ya umeme iliyoungua nyuzi zake za volti za juu ni mojawapo, kwa sababu kusuka upya transfoma ya volti nyingi namna hiyo mara nyingi hugharimu kuliko kununua mashine nyingine inayofanya kazi. Transista pacha za kuingilia, mfano wa 2SK389 ya Toshiba, hazitengenezwi tena na kiwanda hicho, lakini hapo bado pana njia: LSK389 ya Linear Systems hufanya kazi ileile, nami huepuka zile zinazouzwa kwa jina la zamani bila asili inayojulikana, kwani nyingi ni bandia zilizoandikwa upya mgongoni. Kiwambo kilichochanika hakizibwi; hubadilishwa chote pamoja na fremu yake, kutoka hedifoni nyingine ya aina hiyohiyo, na ni vema vyote viwili vibadilishwe kwa pamoja ili masikio yasitofautiane. Mwenye hedifoni ya aina adimu namshauri atafute jozi ya pili iliyokufa upande mmoja mapema, wakati yake bado inalia, kwa kuwa akisubiri iharibike atakuta wenzake wanaotafuta kipuri hichohicho wamemtangulia.